Kijapani kinaweza kufundishwa Malangali, tena kwa Kiswahili

Magari yanayoingia Sumbawanga kutoka Japani huja na lugha yake. Dereva anawasha Noah, na sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi ikieleza kwa adabu kwamba kadi haijachomekwa. Dereva haelewi, abiria hawaelewi, na safari inaanza. Kadi inayotajwa ni ya ETC, mfumo wa kukata malipo kwenye barabara za kulipia huko Japani, na kati ya Tunduma na Mpanda haina kazi yoyote. Ubavuni mwa gari jingine yamebaki maandishi ya kampuni au shule ya chekechea ya mji ambao hakuna anayejua uko wapi. Kijapani kipo huku Ufipa kila siku, kinasikika na kinaonekana. Ambacho hakijaonekana ni darasa lake.

Malangali ninayoizungumzia ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga. Si Malangali ya Mufindi yenye shule kongwe ya tangu 1928, ingawa msomaji wa Iringa atakuwa ameshajiandaa kubisha. Katika shule za sekondari za huku, kama ilivyo Tanzania nzima, Kijapani si somo la mtaala. Lugha za kigeni zinazotambuliwa ni Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na, katika miaka ya karibuni, Kichina, ambacho kimeingia kwa nguvu ya Taasisi za Confucius zilizofunguliwa mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Japani haijawahi kusukuma lugha yake namna hiyo. Imetuletea magari, wahandisi na, tangu miaka ya 1960, vijana wa kujitolea, ambao baadaye waliwekwa chini ya JICA, shirika la ushirikiano la Japani, na wengi wao walifundisha hisabati na sayansi katika sekondari zetu. Vijana hao walijifunza Kiswahili. Sisi hatukuona haja ya kuwauliza lugha yao.

Hapo ndipo penye jambo la kuchekesha kidogo. Ukishuka kutoka Ufipa hadi Ziwa Tanganyika ukaelekea kaskazini, unafika Mahale. Mwaka 1965 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza kuwachunguza sokwe wa milima ile, na kazi yao ilichangia kuifanya Mahale kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Waliishi na wenyeji wa huko, Watongwe, na kuzungumza nao kwa Kiswahili. Mtafiti mwingine, Yoichi Wazaki, aliyekaa Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, alirudi kwao na mwaka 1980 akachapisha kamusi ya Kiswahili kwa Kijapani. Osaka kuna chuo kikuu ambako mwanafunzi husomea Kiswahili kama fani yake kuu. Redio ya NHK ya Japani nayo imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Barabara hii ya lugha imejengwa upande mmoja tu.

Nina hoja moja katika makala haya. Mtoto wa Malangali anaweza kujifunza Kijapani, na atakijifunza haraka zaidi akifundishwa kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Siisemi kwa uzalendo. Naisema kwa sababu ya jinsi lugha zenyewe zilivyoumbwa.

Anza na sauti. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, zinazotamkwa karibu sawasawa na zetu. Karibu kila silabi huishia na irabu. Ndiyo maana mtoto wa darasa la tatu huku husoma Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Mitsubishi bila kukosea, wakati Mwingereza mtu mzima huyapinda majina hayo. Herufi zao za mwanzo, hiragana na katakana, zina alama 46 za msingi kila moja, na takriban kila alama ni silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Aliyejifunza kusoma Kiswahili kwa kuimba "ba, be, bi, bo, bu" ameshafanya nusu ya kazi bila kujua. Wanafunzi wanaochanganya r na l, na tunao wengi, watafurahi kusikia kwamba Kijapani kina sauti moja tu ya upande huo. Malangali yenyewe, ikiandikwa kwa katakana, inakuwa Marangari.

Mtego upo, na unatokana na Kiswahili chenyewe. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuirefusha kidogo. Kijapani hakifanyi hivyo, na urefu wa irabu au wa konsonanti hubadilisha maana: obasan ni shangazi au mama mdogo, obaasan ni bibi. Kite ni "njoo", kitte ni stempu. Mwanafunzi asiyesahihishwa mapema atamwita shangazi wa watu bibi kwa miaka mitatu, kisha ashangae kwa nini anafeli sehemu ya kusikiliza. Mwalimu anayekijua Kiswahili ataliona kosa hilo siku ya kwanza. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Wamarekani hakitamwambia kwamba chanzo ni mkazo wa Kiswahili chake.

Nenda kwenye sarufi. Wanafunzi wetu huumizwa na mnyambuliko wa vitenzi kwenye mitihani ya Kiswahili, lakini hapa maumivu yale yanalipa. Andika, andikisha, andikwa: Kijapani kinasema kaku, kakaseru, kakareru. Kitenzi kimoja, viambishi mwishoni, kauli ya kutendesha na ya kutendwa, kama tulivyozoea. Kiingereza kinahitaji maneno kadhaa kufika hapo. Mwanafunzi anayeelezwa jambo hili kwa Kiingereza anazungushwa mlima ambao angeweza kuuvuka kwa hatua moja.

Kadhalika mahali. Sisi tunasema shuleni, kiambishi kinafuata nomino. Wao husema gakkō ni, kijineno kinafuata nomino. "Naenda shuleni" ni gakkō ni ikimasu. Kwamba vyote viwili ni "ni" ni bahati tu, wala Wabantu na Wajapani hawana undugu wa lugha, lakini mwalimu mwerevu hukubali bahati akiiona. Na ngeli? Mgeni wa Kiswahili hulia kwamba hawezi kusema "moja" mpaka ajue anahesabu nini: mtu mmoja, kiti kimoja, yai moja. Mjapani naye ana hesabu za namna yake: mtu mmoja ni hitori, penseli moja ni ippon, karatasi moja ni ichimai, paka mmoja ni ippiki. Mfumo si ule ule, lakini kichwa kilichozoea kwamba namba hubeba umbo la kitu hakitashtuka.

Hata adabu inafundishika. Kijapani kina maneno ya kula kwa rika na maneno ya kula kwa mkubwa: taberu, kisha meshiagaru. Mtoto aliyelelewa kumwamkia mzee shikamoo kabla ya neno lolote hahitaji kuelezwa kwa nini mtu fulani anastahili kitenzi chake.

Mpangilio wa sentensi ndio utakaomsumbua, kwa kuwa kitenzi cha Kijapani hukaa mwisho. "Mimi Malangali Kijapani ninasoma." Miezi michache ya mazoezi inatosha kwa hilo. Mlima wenyewe ni kanji, herufi zilizotoka China. Za matumizi ya kawaida ni 2,136 katika orodha ya serikali yao ya mwaka 2010, na hakuna Kiswahili wala Kiingereza kitakachompunguzia mtu hata moja. Hapo ni kupiga msuli tu.

Sasa mtihani. Mtihani wa Umahiri wa Lugha ya Kijapani, unaojulikana duniani kwa kifupi JLPT, ulianza mwaka 1984, na husimamiwa na Japan Foundation pamoja na shirika la JEES. Tangu mwaka 2010 una ngazi tano, kutoka N5 ya chini hadi N1 ya juu. Hufanyika Jumapili ya kwanza ya Julai na Jumapili ya kwanza ya Desemba, ingawa si kila nchi ina vipindi vyote viwili. Katika Afrika Mashariki, kituo kinachojulikana kwa muda mrefu ni Nairobi, na si ajabu: Kenya Utalii College, Chuo Kikuu cha Kenyatta na chuo kikuu cha USIU vimefundisha Kijapani kwa miaka, kwanza kwa ajili ya watalii, kisha kwa ajili ya biashara na masomo. Kwetu, Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwa na masomo hayo.

Kwa mwanafunzi wa Kitanzania, mtihani huu una sura anayoifahamu mno: maswali ya kuchagua, penseli, kuweka kivuli kwenye kiduara. N5 huchukua dakika 90 kwa jumla: 20 za msamiati, 40 za sarufi na kusoma, 30 za kusikiliza. Alama zote ni 180, na kufaulu N5 ni 80. Ila kuna kisiki. Lazima upate angalau 38 kati ya 120 katika lugha na kusoma, na 19 kati ya 60 katika kusikiliza. Ukipata 85 kwa jumla huku kusikiliza ukiwa na 17, umefeli. Wale wanaopanga kukariri hiragana na kuacha redio wajue hilo mapema. Maswali yenyewe yote yako kwa Kijapani, hakuna tafsiri wala insha. Hoja kwamba lazima kwanza ujue Kiingereza kizuri ndipo ufanye mtihani wa Kijapani inaanguka hapo.

Kasoro kubwa ya mtihani huu ni kwamba hauna sehemu ya kuzungumza. Mtu anaweza kushika cheti cha N3 na asiweze kuagiza chai. Na sisi, tunajijua. Tumezalisha vijana wenye alama nzuri za Kiingereza kwenye karatasi ambao hukimbia wakimwona mzungu pale stendi. Tukiuleta Kijapani kwa mtindo ule ule wa kukimbiza pasti pepa, tutavuna mavuno yale yale. Mimi ningemlazimisha kila mwanafunzi kuzungumza darasani dakika tano kila kipindi, cheti au hakuna cheti.

Je, N5 inahitaji muda gani? Mwongozo wa zamani, kabla ya mabadiliko ya 2010, ulikadiria saa 150 za masomo kwa ngazi ya chini kabisa, maneno kama 800 na kanji kama 100. Ngazi iliyofuata ilitaka saa 300, maneno 1,500 na kanji 300. Mwaka wa masomo wa Tanzania una takriban wiki 39. Saa nne kwa wiki, mbili jioni ya Jumanne na mbili asubuhi ya Jumamosi, zinafikisha zaidi ya saa 150 kwa mwaka mmoja. Kanji 100 ni tatu kwa wiki. Klabu za shule hutumia muda zaidi ya huo kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kalenda nayo, kwa mkoa wetu wa Rukwa, imekaa vizuri kuliko mtu angetarajia. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, hivyo mwanafunzi huwa huru inapofika Jumapili ya kwanza ya Desemba. Usajili wa Desemba hufunguliwa kati ya Agosti na Oktoba kutegemea kituo, na huo ndio wakati mahindi ya Ufipa yameshavunwa, wakulima wanauza, na mzazi ana fedha mkononi. Ada ingedaiwa Februari, darasa lote lingeyeyuka.

Kisicho rahisi ni safari. Kutoka Sumbawanga hadi Nairobi, iwe kupitia Mbeya na Dodoma au kupitia Mpanda, Tabora na Singida, ni siku mbili za basi kwenda, na nyingine mbili kurudi, na kulala, na kula, na pasipoti. Gharama hiyo inazidi ada ya mtihani mara nyingi. Ndiyo maana nashauri klabu ya shule isianze na mtihani. Ianze na lugha, ijipime yenyewe kwa mikusanyo rasmi ya maswali iliyotolewa mwaka 2012 na 2018, ambayo hupatikana bure kwenye tovuti ya JLPT pamoja na sauti zake. Atakayefikisha alama 120 nyumbani mara kwa mara, huyo ndiye mzazi auzie gunia.

Vifaa vipo. NHK hutoa masomo ya Kijapani kwa Kiswahili, sauti na maandishi, bila malipo. Japan Foundation ina jukwaa la Minato la kujifunzia mtandaoni, na kitabu cha Irodori kinachopakuliwa bure. Simu moja, spika moja na ubao vinatosha kuanzia. Mwalimu je? Huyo ndiye adimu. Lakini wapo Watanzania waliosoma Japani kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo, na wale wa ABE, mpango wa Japani wa masomo kwa vijana wa Afrika uliotangazwa mwaka 2013, waliokaa kule hadi wakajua kununua samaki sokoni bila mkalimani. Baadhi yao ni watumishi wa umma, na watumishi wa umma huhamishwa hata mikoa ya pembezoni. Halmashauri ikiuliza ndani ya ofisi zake inaweza kushangaa.

Kuna wanaosema Mfipa na Kijapani wapi na wapi. Hawa wamesahau Kilatini. Seminari za Kikatoliki za ukanda huu, kuanzia Karema hadi Kaengesa, ziliwafundisha wavulana wa vijijini lugha ambayo hakuna mtu aliyeizungumza ndani ya maelfu ya kilomita, na wakafanyiwa mitihani yake. Polycarp Pengo, mzaliwa wa Mwazye, alipita njia hiyo, akasoma Roma katika miaka ya 1970 na mwaka 1998 akawa kadinali. Kilichowezesha ni ratiba, mwalimu aliyekuwepo kila siku na sababu ya kusoma.

Sababu, basi. Hapa nataka kuwa mkali. Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, huko Yokohama, JICA ilitangaza kuuunganisha mji wa Nagai, mkoa wa Yamagata, na Tanzania katika mpango ulioitwa wa "mji wa nyumbani". Nagai na Tanzania zilikuwa na urafiki tayari tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Habari ilipotua mitandaoni ikageuka: Japani imewapa Watanzania mji, viza za bure, ajira tele. Huko Japani nako watu walikasirika wakidhani wanaletewa wahamiaji. Serikali yao ikakanusha, JICA ikakanusha, na mwezi uliofuata mpango ukafutwa. Hakukuwa na viza hata moja. Lakini vijana wangapi waliuliza wiki ile ni wapi pa kujiandikisha, na wangapi waliuliza ni wapi pa kujifunza Kijapani?

Ukweli wa ajira unaeleweka. Japani inazeeka: watoto waliozaliwa mwaka 2024 hawakufika 700,000. Tangu Aprili 2019 ina aina ya viza kwa wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, katika kutunza wazee, kilimo, ujenzi na nyinginezo, na sharti la lugha kwa kawaida ni N4 au mtihani mwingine wa ngazi hiyo, juu ya mtihani wa fani yenyewe. N5 haimpi mtu kazi. Kampuni nyingi, kwa kazi za ofisini, hutaka N2. Ufadhili wa serikali ya Japani kwa shahada ya kwanza huanza na mwaka mzima wa kufundishwa lugha kule kule, kwa hiyo asiyejua neno anaweza kuomba, ingawa anayejua hujitofautisha. Atakayekuja Malangali na fomu akisema ana nafasi Japani, lugha utajifunza ukifika, toa kwanza ada ya usajili, huyo ni tapeli, na mtendaji wa kata apewe jina lake.

Nisingemfundisha mtoto Kijapani kwa sababu ya viza. Ningemfundisha kwa sababu kijana anayeweza kusoma maandishi yaliyo kwenye injini ya gari, kwenye mwongozo wa trekta dogo la kilimo, au kwenye fomu ya mnada wa magari ya Japani, ana kitu cha kuuza hapa hapa Sumbawanga, bila pasipoti. Mafundi wetu hubahatisha vitufe vya skrini za magari kwa kukumbuka rangi na mahali. Gereji ya kwanza yenye mtu anayezisoma haitakosa wateja.

Kwa wakuu wa shule za sekondari za Manispaa ya Sumbawanga: chumba kimoja, vipindi viwili kwa wiki, ubao na simu. Waandikieni Ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, muulize kuhusu vitabu na wahitimu walioko mkoani. Kabla ya kulipa chochote, angalieni kwenye tovuti rasmi ya JLPT orodha ya vituo vya mwaka husika, kwa kuwa hubadilika, na sajilini mapema. Nafasi za kituo zikijaa, mtahiniwa husubiri hadi mwaka unaofuata.